Bafing ya Harrier nyeusi hapa Malindi: huyu fundi anaijua kazi

Wenye magari meusi hapa Malindi mnaijua shida yenyewe. Gari nyeupe ukiipiga maji tu ishapendeza, nyeusi ukimaliza kuiosha ndo kwanza yaanza kukuonyesha kila kitu, na ukiisimamisha kwenye jua la saa saba mchana boneti nzima ni viduara viduara vya mikwaruzo midogo utadhani buibui kapita usiku akatandaza.

Harrier yangu ilikuwa hivyo na zaidi, ndo nikaipeleka bafing, yani kusuguliwa rangi kwa mashine na polishi mpaka mikwaruzo itoke. Rangi yake ni 202, ile nyeusi tupu ya Toyota isiyo na vimetameta (iko kwenye kile kibati cha maelezo ya gari, angalia mstari ulioandikwa C/TR), na 202 aliyewahi kuwa nayo atakwambia, hata tambara kavu la kufutia vumbi laiachia alama. Mie nabeba wageni, uwanja wa ndege, Watamu, mara nyingine mpaka Mokowe wakavuke Lamu, na pale Mokowe gari yashinda juani na upepo wa chumvi na kunguru juu yake. Sasa ongeza na kule nilikokuwa naosha, sitaji jina, tambara lililotoka kupangusa rimu ndo hilo hilo lapanda boneti, na mchanga wote umo mle ndani. Hapo gari haioshwi, inakwanguliwa.

Huyu fundi yuko ndani kidogo ukitoka Lamu Road, ua mdogo na banda la mabati, kibao hana. Dereva mwenzangu ndo alinielekeza. Kilichonifanya nimuamini ni kuwa hakukimbilia mashine. Alichukua tochi akaipitisha mlangoni pole pole kwa pembeni, halafu akatoa kidude cha kupimia unene wa rangi akawa akiweka huku na huku, boneti, milango, rufu, zote zasoma 110 na kitu, 120, akafika fenda ya kushoto ikasoma karibu 300. "Kaka njoo uone, hii ishapigwa rangi tena." Mie gari niliinunua hivyo, hakuna aliyewahi kuniambia. Hizo namba ni maikroni, na ile klia ya juu inayong'aa yenyewe kwa gari nyingi ni kama 40 mpaka 50 tu, unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hiyo. Na klia haioti upya jamani! Kila mashine ikipita inapungua, kwa hivyo mtu akikwambia ulete gari kila mwezi akubafie huyo anakumalizia rangi, mkimbie.

Kuosha kwenyewe kulichukua asubuhi nzima, povu kwanza likae lishuke na uchafu, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glavu, halafu akapulizia dawa ya kutoa chembe za chuma na hapo nikaona ajabu, milango ya nyuma na karibu na rimu yote ikaanza kutiririka zambarau, ni vumbi la breki lile lililojikita kwenye rangi, sabuni hailitoi. Kisha klei, ule udongo laini wa kunata unaopitishwa kwenye rangi kuokota uchafu uliobaki. Kabla ya klei alinipa glavu ya nailoni nivae nipitishe mkono kwenye boneti iliyokwisha kuoshwa, wallahi nilisikia chenga chenga kama sukari. Baada ya klei nikapitisha tena, hamna kitu, mkono wateleza tu.

Mashine yake ni ile inayozunguka huku ikiyumba, sio ile ya kuzunguka tu ambayo mkono usiojua ukiishika gari nyeusi yatoka na vivuli vinavyocheza ukipita nayo juani. Alibandika tepu kwenye raba na plastiki zote, akachagua kipande kidogo cha boneti, kama futi moja hivi, akaanza na padi laini, ile sponji ya mashine, na polishi nyepesi, akaangalia na tochi, haikutosha, ndo akapanda kwenye kompaundi, polishi kali zaidi. Yani anatafuta dawa ndogo kabisa itakayotosha, hiyo nimeipenda sana.

Na hapa ndo alinimaliza. Boneti ishang'aa, mie nimetoa simu nipige picha, akanizuia. "Ndugu yangu usiangalie sasa, hayo ni mafuta ya polishi, yanaziba mikwaruzo." Akapangusa na spiriti, akaiegesha juani, ndo akaniita. Sasa hiyo ndo kazi, maanake kuna wengi wanakupa gari iko kivulini inawaka, ukiiosha mara mbili mafuta yametoka mikwaruzo yote hiyo imerudi na pesa ishakwenda. Yangu ilibaki safi, weusi umekolea, na mpaka leo nikiisimamisha juani viduara vile sivioni. Kwenye buti, pale masanduku ya wageni yanapokwaruza, kuna mistari imebaki na alikataa kuifuata. Ukiusikia kwa ukucha, alisema, huo umeshashuka sana, nikiufuata natoboa klia. Afadhali mistari miwili kuliko kipara.

Juu akaweka silanti, dawa ya kupaka ya kukinga rangi. Waksi ya kanuba, ile ya majani ya mti wa Brazil wa jamii ya mnazi, yapendeza kwa nyeusi lakini kwa joto letu haidumu, na seramiki, ile kinga ngumu inayopakwa juu ya rangi, bei imepanda na pia haizuii jiwe wala tambara chafu, watu wadanganywa sana hapo.

Yasiyonifurahisha sasa. Ua uko wazi, upepo wa kusi ukianza mchana waleta vumbi, ilibidi aoshe tena upande mzima na gari ikalala, wakati nilikuwa na mgeni wa jioni na hakunipigia kuniambia, mie ndo nilipiga na simu haikushikwa. Hiyo si sawa kwa mtu ambaye gari ndo kazi yake. Pia polishi nyeupe ilibaki kwenye plastiki chini ya kioo cha pembeni, nilipomuonyesha aliitoa. Kwa maji namtetea, kisima chake kina chumvi lakini ya kusuuza mwisho anatoa kwenye tangi na anakausha hapo hapo, maanake tone la maji ya chumvi likikaukia kwenye nyeusi juani laacha duara jeupe na usipowahi linaila rangi. Kinyesi cha kunguru vile vile, usingoje jioni.

Nimelipa 9,500 kwa Harrier, gari ndogo hupunguza. Nendeni asubuhi mapema na muache gari siku mbili, anachukua moja kwa wakati. M-Pesa sawa, na mie hakunitaka chochote mpaka nilipoiangalia juani.