Uzoefu wangu na HAPI FHIR: namba ya seva si namba ya mgonjwa

Nasimamia mifumo ya kompyuta katika kliniki moja hapa Kampala. Rekodi zetu zinapita kwenye HAPI FHIR, seva ya bure iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Java. FHIR ni kiwango cha kubadilishana rekodi za afya kati ya mifumo, nasi tunatumia toleo lake la R4. Wengi wanaisifu kwa sababu hailipiwi. Mimi naisifu kwa jinsi inavyotenganisha namba.

Wagonjwa wetu wengi wanatoka Katwe na Nsambya. Mganda anakuja na NIN yake, namba ya kitambulisho cha taifa, yenye herufi na tarakimu 14. Mkongomani aliyekimbia vita hana NIN, ana namba yake ya ukimbizi. Anayemeza ARV ana namba ya kliniki ya ART (matibabu ya VVU), na kichanga cha juzi hana chochote zaidi ya kadi tuliyompa sisi. Mfumo wa zamani ulikuwa na nafasi moja tu ya namba, kwa hiyo karani aliingiza yoyote aliyoonyeshwa.

Kwenye FHIR, kila rekodi ina `id`, na hiyo ni ya seva peke yake. Ni sehemu ya anwani, kama Patient/1287, haizidi herufi 64, na mgonjwa hana haja ya kuijua. Namba za mtu mwenyewe zinakaa kwenye `identifier`, ambayo ni orodha: `system` inasema namba imetolewa na nani, `value` ndiyo namba yenyewe. Mama mmoja anaweza kuwa nazo nne, na kadi yake ya zamani ikabaki humo ikiwa na alama kwamba haitumiki tena. Waliozoea HL7 v2, kiwango cha zamani cha kutumiana taarifa za hospitali, watakumbuka PID-3, sehemu ya namba za mgonjwa; wazo ni lilelile.

Kwa mipangilio yake ya kawaida, HAPI inatoa `id` za tarakimu yenyewe, na ukitaka kuipangia `id` ya tarakimu tupu inakataa. Fundi mmoja aliyekuja kutuunganisha na maabara alichukia sana, maana alitaka namba ya kadi ndiyo iwe `id`. Nafurahi seva ilikataa. Tulipohamia mashine mpya na kupakia rekodi upya, aliyekuwa Patient/1287 alipewa namba nyingine kabisa, lakini tulimpata palepale kwa NIN yake.

Kuna jambo lililonitia hofu kweli. Maabara tunayoshirikiana nayo ilituma majibu ya sukari ya mtu mwenye namba 10452, bila `system`. Ukitafuta `Patient?identifier=10452`, FHIR inataka seva ilete kila mwenye namba hiyo, iwe imetoka wapi. Wakaja wawili: binti mdogo aliyetibiwa malaria kwetu, na mzee wa kisukari ambaye 10452 ni namba yake ya maabara. Nesi alitazama tarehe za kuzaliwa kwanza, la sivyo majibu yangeingia kwenye faili la mtoto. Ukitanguliza `system`, ukaweka mstari wa wima `|`, kisha namba, anakuja mmoja tu.

Tatizo ni kwamba kiwango chenyewe hakilazimishi `system` ijazwe. Tukaandika profaili yetu, yaani kanuni zetu za ziada juu ya FHIR, inayoilazimisha na kuwasha ukaguzi, sasa rekodi isiyo nayo inarudishwa mlangoni. Profaili hiyo nayo ina `url` yake, kitambulisho cha aina ya tatu: kinataja kanuni, hakimtaji mgonjwa wala rekodi, na hakibadiliki hata profaili ikinakiliwa kwenye seva nyingine. Zile `urn:uuid` mtakazoziona ndani ya Bundle, kifurushi cha rekodi zinazotumwa pamoja, zisiwasumbue: ni vitambulisho vya muda. Rekodi mpya zinazitumia kutajana hadi seva izipe `id`.

Kliniki yenye mtu anayeelewa Java na hifadhidata ya PostgreSQL, naipendekeza bila kusita. Ila kabla ya kusakinisha, kaeni na karani, nesi na mtu wa maabara, mwandike kila namba inayopita mezani penu na `system` yake. Sisi tulichagua anwani chini ya jina letu la tovuti. Si lazima zifunguke kwenye intaneti, mradi kila anayetuma majibu aziandike vilevile, herufi kwa herufi.