Maji ndani ya injini: uzoefu wangu wa miezi minane

Probox yangu ya injini ya 1NZ hubeba viazi kutoka Marikiti hadi Kinoo kila alfajiri. Mwaka jana ikaanza kugonga kila nikipanda Waiyaki Way na mzigo, mlio kama wa njugu zinazotikiswa ndani ya kopo. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha kituo cha petroli, wapi!

Fundi mmoja wa Industrial Area akatoa plagi, akapitisha kamera nyembamba kwenye tundu lake. "Mama, njoo ujionee." Kichwa cha pistoni kilikuwa na ukoko mweusi, sawa kabisa na ule wa sufuria ya githeri iliyoungua. Kaboni hiyo hupunguza nafasi ya mgandamizo, tena hubaki na moto na kuwasha petroli kabla ya wakati wake. Kwangu ilitokana na oili iliyovuja kwenye sili za valvu (mipira inayozuia oili isiingie kwenye silinda), na foleni za kila siku zikaongezea. Akakataa kunifungia mtambo wa kupulizia injini maji ili kuondoa kaboni hiyo kabla ya kubadilisha sili hizo, na namheshimu kwa hilo. Huwezi kupiga deki huku bomba linavuja.

Mtambo wenyewe ni tangi la lita 3, pampu, na nozeli kwenye mpira wa kuingiza hewa kwenye injini. Hurusha ukungu wa maji injini ikiwa moto na nimekanyaga mafuta tu. Kugonga kuliisha siku hiyohiyo, nikadhani kaboni imetoka. Kumbe bado. Kilo moja ya maji hunyonya takriban kilojuli 2,257 ili kugeuka mvuke, kwa hiyo kilichonisaidia siku ya kwanza ni ubaridi. Hata gari la Kimarekani la Oldsmobile Jetfire la 1962 ilipuliziwa maji yenye methanoli kwa sababu hiyo. Usafi ulikuja polepole: baada ya miezi mitatu kamera ilionyesha chuma kinang'aa upande wa valvu za kuingiza hewa, lakini upande wa ekzosi ukoko ulikuwa bado umeshika.

Unywaji wa petroli haukubadilika, kwa upande wangu. Nguvu ya kupanda mlima imerudi, nayo ndiyo niliyoilipia.

Kasoro: hakuna taa ya kuonya maji yakiisha, unajua tu ukisikia njugu tena. Na wakati mmoja niliweka maji ya kisima, chumvi ikaziba nozeli. Sasa natumia maji safi ya kuongezea betri pekee.

Tafadhali usikubali mtu akumiminie maji kwa chupa kwenye mpira wa hewa. Jirani yangu alifanyiwa hivyo mtaani. Maji hayagandamiziki, konrodi (chuma kinachosukumwa na pistoni) ilipinda, injini ikafa palepale. Na kama gari lako hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama Mazda Demio za injini ya Skyactiv, ukoko mkubwa huwa mgongoni mwa valvu, mahali ambapo petroli haipiti kuziosha. Ukishakuwa mgumu, ukungu wa maji hauuwezi. Hapo fungua manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), valvu zisafishwe kwa kupuliziwa unga wa maganda ya jozi.