Programu ya simu ya kutambua magari ya vita kwa picha: uzoefu wangu na albamu ya Baba Mkubwa

Nimeitumia miezi mitatu hapa Ujiji. Ni programu ya simu ambayo ukiipa picha ya gari la kijeshi la zamani inakuambia ni gari gani, la nchi gani na la miaka gani. Jina lake siliandiki kwa kuwa nina malalamiko nayo. Kwa mwezi nililipa shilingi 9,000, mbali na bando.

Kilichonisukuma ni albamu ya Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba. Ina picha 31: chache ni za babu alipokuwa Keya, yaani askari wa jeshi la Waingereza (KAR), huko Burma, nyingi ni za vita vya Kagera. Nyuma ya picha hakuna hata neno moja. Baba Mkubwa macho yake yameanza kupungua, nami nilitaka kila picha iandikwe wakati yeye mwenyewe yupo wa kunisahihisha.

Wiki ya kwanza niliipoteza yote kwa kupiga picha usiku chini ya taa. Mng'ao unaziba kila kitu na programu inajibu hovyo. Zitoe picha kwenye plastiki ya albamu, zilaze mkekani barazani asubuhi kabla jua halijafika, na simu uishike juu yake sawasawa, isiinamie upande.

Nilianza na babu, amesimama kando ya Jeep. Programu ikajibu bila wasiwasi kwamba ni Jeep ya kiraia. Haikuhesabu. Shoo ya mbele ya Jeep ile ya vita ina matundu marefu tisa. Za kiraia zilizotoka vita vilipokwisha zina saba. Kwenye picha ya babu tisa yanaonekana wazi. Nikaikata picha humo humo kwenye simu, nikabakiza shoo na bampa tu, nikairudisha. Safari hii ikajibu: Willys MB au Ford GPW. Hilo ni jibu la haki, kwa sababu kampuni mbili zilitengeneza gari moja, na kwa pamoja zilitoa zaidi ya 600,000. Kuzitofautisha lazima uone chuma cha chesisi kinachopita chini ya rejeta, nyuma ya bampa: cha Willys ni bomba la mviringo, cha Ford kina pembe, kama mfereji uliofudikizwa. Kwetu mguu wa babu umekiziba. Nimeandika "Willys au Ford", basi. Sitaki kumzushia babu.

Huu mtindo wa kukata picha ndio ulionifanya niendelee kulipia. Ukiipa picha nzima, yenye watu, miti na vumbi, inakisia. Ukiipa magurudumu peke yake, inafikiri.

Vifaru ndivyo vilivyotugombanisha. Albamu ina picha sita za vifaru, na kwa picha tano programu ilisema T-55 ya Urusi. Nilipomsomea Baba Mkubwa, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hao ni vijana wetu. Unawaweka juu ya kifaru cha Amin?"

Hapo nikaelewa kuwa kosa hili si dogo. Uganda ndiyo iliyokuwa na T-55. Jeshi letu lilikuwa na Type 59 za China, ambazo ni nakala ya T-54A ya Warusi, ndiyo maana kwa mbali zinafanana kama mapacha. Zote zina magurudumu matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili kuna mwanya mpana kuliko mingine. Kwa hiyo magurudumu hayatoshi, lazima upande kwenye kichwa cha kifaru. Type 59, kama T-54, ina kofia ndogo ya chuma mfano wa uyoga juu ya kichwa, upande wa kulia: ni tundu la kutolea hewa. Kwenye T-55 uyoga huo uliondolewa. Nilizikuza picha zote tano. Katika nne uyoga upo. Ya tano inaonyesha kifaru kwa nyuma, hapo tumemwamini mzee.

Picha ya sita ilipigwa Kampala, baada ya mji kuanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kifaru kimeegeshwa, kichwa kimefunikwa turubai. Programu ikasema T-34. Baba Mkubwa hakuiona vizuri, akaniuliza tu, "Magurudumu mangapi?" Sita, nikamwambia, na yamekaa mawili mawili. "Basi si la Mrusi." Alikuwa sahihi. T-34 ina magurudumu matano makubwa, na mwanya wake mpana uko kati ya la pili na la tatu. Sita madogo yaliyofungwa kwa jozi tatu ni Sherman ya Marekani. Uganda ilizipata kutoka Israeli, zamani Amin alipokuwa bado anaelewana nao. Nilipoipa programu magurudumu yale peke yake, ilijibu Sherman mara moja. Jibu ilikuwa nalo, ila ilizugwa na turubai.

Niitendee haki: lile gari la roketi, BM-21, ililitambua mara ya kwanza, kwa picha iliyofifia kabisa. Mabomba 40 ya milimita 122 juu ya lori la Ural la magurudumu sita, hakuna la kulifananisha nalo. Uganda walikuja kuliita Saba Saba.

Kilichoniuma ni picha ya mwisho. Ni lori la Leyland limezama kwenye tope hadi ekseli, limepakwa udongo mlangoni kuficha jina la mwenye mali. Programu ilijibu: "Si gari la kijeshi." Nikakata picha, nikarudia mara nne, jibu lile lile. Kwa chuma chake ni kweli. Lakini vita vilipoanza serikali ilichukua malori na mabasi ya watu nchi nzima, na lori hilo lilikuwa la kubebea chumvi ya Uvinza. Dereva wake ni Baba Mkubwa. Alibeba risasi na mafuta ya dizeli mpaka ng'ambo ya Mto Kagera, hakuwahi kuvaa gwanda, na programu haina mahali pa kuliweka gari la namna hiyo.

Nimeipa nyota tatu kati ya tano. Mwenye albamu kama yangu ailipie mwezi mmoja, akate picha vipande, na asiandike jibu lolote kabla ya kumuuliza aliyekuwepo. Ukiandika nyuma ya picha tumia penseli laini, kalamu ya wino inapenya.

Ile ya Leyland niliisafishisha studio, ikawa kubwa, imetundikwa sebuleni. Nyuma yake nimeandika alivyonitajia mwenyewe: Leyland, lori la chumvi, lilikwenda Kagera Novemba 1978. Dereva alirudi. Utingo wake hakurudi.