Kola ya shingo niliyouziwa Kariakoo

Mnisamehe kwa ukali, ila yule kaka wa kaunta amenichefua.

Miezi kadhaa nyuma bajaji niliyopanda iligongwa kwa nyuma pale Magomeni. Eksirei ikaonyesha mifupa mizima, ni misuli na kano tu zimevutika. Maumivu yenyewe yakaja kesho yake, shingo imekaza kama ubao. Nikanunua kola ya sponji kwenye duka la vifaa tiba. Kaka hakuuliza nimeumiaje. Akanifunga, akasema, "Vaa mwezi mzima dada, usiku na mchana, usivue hata kulala."

Kwa joto hili la Dar! Kidevu kikatoka vipele, na haikupita muda mkanda wa kunata ukaachia, upande mmoja ukabaki unaning'inia kwa uzi. Nikairudisha na risiti mkononi. Macho yake hayakutoka kwenye simu. "Mali ikishatoka hairudi. Kwani ulikuwa unavaa au unapigia deki?" Wateja wakacheka. Mimi hata kugeuka kuwatazama siwezi, mpaka nizungushe mwili mzima.

Kusema haki, siku za mwanzo kola ilinisitiri, hasa kwenye gari. Nilitaka kuipa nyota tatu. Lakini dada wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, aliponiona aliivua palepale. Shingo ya hivi ukiifunga muda mrefu inakakamaa na misuli inapoteza nguvu, akasema. Kwamba ianze kutembezwa mapema, wataalamu wa Quebec kule Kanada waliliandika tangu 1995. Tangu 1995! Na huyu leo anawaambia wagonjwa mwezi mzima!

Kilichonitoa ni mazoezi ya nyumbani, hayauzwi popote: unageuza shingo taratibu kulia na kushoto, unaishia pale maumivu yanapoanza kukaza, unavuta kidevu nyuma, unazungusha mabega, kidogo kidogo kutwa nzima. Kitambaa cha moto begani, paracetamol usiku ukizidiwa. Akanisisitizia pia: mikono ikifa ganzi au ikikosa nguvu, mambo ya nyumbani yameisha, wahi hospitali.

Basi zile tatu nazifuta. Nyota moja, na hiyo ni ya sponji. Ukiumia, tafuta mtu wa fiziotherapia kwanza kabla hujapeleka hela dukani. Yangu bado anayo, na risiti ninayo.