Uzoefu wangu: kunyooshwa miguu ya mwanangu, nasi tukikaa kisiwani Pate

Mwanangu wa pili alizaliwa nyayo zote mbili zikiwa zimepinda kwa ndani, na nilipompeleka kliniki mjini Lamu akiwa na wiki tatu nilielezwa kuhusu tiba ya Ponseti, daktari wa Iowa, Marekani, aliyeona ni afadhali mguu wa mtoto mchanga unyooshwe kidogo kidogo kwa mkono na kufungwa plasta kuliko kupasuliwa pakubwa. Kila wiki plasta ilitolewa, mguu ukasukumwa kidogo, kisha ikafungwa nyingine kutoka vidoleni hadi pajani. Alifungwa mara sita.

Tiba yenyewe sina la kuilaumu. Lawama yangu ni ya miadi. Chombo chetu hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao haupitiki maji yakikupwa, nayo kliniki ilitupangia saa nne ya kila Alhamisi, ilhali maji yakijaa saa nne wiki hii, Alhamisi ifuatayo saa hiyo hiyo huwa yamekupwa. Mara mbili tulichelewa, na ya pili tukaambiwa turudi baada ya wiki, kana kwamba mimi ndiye ninayeijaza bahari. Tangu hapo nikawa nalala kwa shangazi mtaa wa Langoni, mjini Lamu, usiku wa Jumatano.

Plasta haitaki maji, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, basi nilimzungushia miguu ule mpira wa kumlazia mtoto, nikafunga leso juu yake. Njia nzima nilikuwa nikimbonyeza kidole gumba: kikigeuka cheupe kisha wekundu ukarudi upesi, najua plasta haijambana.

Upasuaji niliouhofia sana ulikuwa mdogo kuliko hofu yangu. Alidungwa sindano ya ganzi, ukano wa kisigino ukakatwa kwa tundu dogo lisilohitaji hata uzi, akafungwa plasta ya mwisho kwa wiki tatu ili ukano ujiunge upya ukiwa mrefu zaidi.

Kazi kubwa ni viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala tu hadi afikie miaka minne hivi. Mama mkwe, kwa huruma, alikuwa akimvua nikitoka, na mguu mmoja ukaanza kurudi. Ilibidi plasta mbili zaidi. Sasa mtoto anatembea. Juzi mkanda wa kiatu ulikatika, akaushona fundi wa matanga, na usiku huo huo akalala navyo.