Rangi ya Kucha Yenye Namba 10: Nimeipenda, Ila Si kwa Sababu ya Namba

Nianze na sifa zake: rangi hii nyekundu inashika vizuri. Brashi ni pana, kupaka mara mbili kunatosha kufunika kucha yote, na haibanduki ncha hata kwa mtu anayeosha vyombo kila siku. Kilichonifanya niandike ni ile 10 iliyochapwa kubwa mbele ya chupa, ikidai kwamba kemikali kumi mbaya hazimo.

Hakuna sheria inayosema kumi hizo ni zipi. Kila kiwanda hujipangia. Mwanzoni zilikuwa tatu, na kweli zilistahili kuondolewa. Toluini ni kiyeyushi kinacholeta maumivu ya kichwa na kizunguzungu pasipo na hewa. Fomaldehaidi, mwaka 2004, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Dibutili thalati, iliyowekwa ili rangi isipasuke kucha inapopinda, inahofiwa kudhuru uzazi, na Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kwenye vipodozi. Baadaye namba zikaanza kupanda, 5, 7, 10 na kuendelea, na wengine wanajazia vitu ambavyo tangu hapo havikuwa na sababu ya kuwemo kwenye rangi ya kucha.

Dai lenyewe pia linaweza kuwa la uongo. Mwaka 2012 mamlaka ya kemikali ya jimbo la California, Marekani, ilipima rangi kadhaa. Kati ya 12 zilizodai hazina toluini, 10 zilikuwa nayo.

Kwa hiyo mimi husoma maandishi madogo. Ethili asetati na butili asetati ndizo zenye ile harufu, nazo huyeyukia hewani rangi ikikauka. Nitroselulosi ndiyo inayobaki kama ganda gumu linalong'aa. Nayo inashika moto upesi, tafadhali usipake karibu na jiko. Nilichokuwa nakitafuta hasa ni trifenili fosfeti, TPHP, iliyochukua nafasi ya thalati kwenye rangi nyingi na ambayo inashukiwa kuvuruga homoni. Katika utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2015, wanawake walipopaka rangi yenye TPHP, saa 10 hadi 14 baadaye mabaki yake kwenye mkojo yalikuwa yamepanda karibu mara saba. Yaani haibaki juu ya kucha tu. Kwenye chupa hii haimo. Badala yake wametumia asetili tributili sitreti, nayo ni ya kulainisha rangi isipasuke. Hapo ndipo iliponipata.

Sifa ya pili naitoa kwa ajili ya mdogo wangu. Kwa muda mrefu kope zake zilivimba na kuwasha, tukalaumu wanja, tukalaumu sabuni, kumbe ni kucha. Daktari wa ngozi alieleza kwamba mzio wa rangi ya kucha mara nyingi hutokea machoni na shingoni, kwa kuwa vidole havikai mbali na uso na ngozi ya huko ni nyororo. Mkosaji wa kawaida ni resini ya tosilamidi na fomaldehaidi, utomvu wa kiwandani unaoifanya rangi ishike kwenye kucha. Humu haimo pia, na yeye ameivaa bila kuwashwa, ingawa mwenye mzio wa kitu kingine hawezi kutegemea hilo.

Malalamiko yangu ni mawili. Harufu bado ni kali, na namba 10 inawafanya watu wafunge madirisha wakidhani hakuna mvuke. Upo, na anayeumia zaidi ni dada anayepaka kucha za wengine kutwa nzima. Fungueni madirisha, na pamba yenye asetoni itupwe kwenye pipa lenye kifuniko.

La pili: rangi ya jeli ya kampuni hiyohiyo imebandikwa namba ileile, wakati hatari yake ni nyingine kabisa. Jeli ina akrileti, yaani kemikali zinazogeuka plastiki ngumu chini ya taa ya kukaushia, kama ile iitwayo HEMA. Ikigusa ngozi kabla haijakauka kwenye taa inaweza kuleta mzio wa maisha, na baadaye hata baadhi ya vifaa vya daktari wa meno vikakusumbua. Kwa jeli hiyo, 10 haikuambii lolote.

Nitainunua tena hii nyekundu. Ila orodha ya viambato ichapwe kwenye chupa yenyewe. Sasa iko kwenye boksi tu, na boksi hutupwa kabla anayepakwa hajaketi.