Valvu ya baipasi kwenye pampu ya dripu: uzoefu wangu bonde la Luiche

Nalima nyanya upande wa Ujiji kwa umwagiliaji wa matone. Pampu yangu ni ya umeme, HP 1, na haijui kupunguza mwendo: ufungue vitalu vyote vinne au kimoja, yenyewe inazunguka vilevile. Vyote vikiwa wazi geji ya presha inasoma bar 0.7 na mipira inatona vizuri. Ukifunga vitatu umwagilie miche tu, maji yanakosa pa kwenda, geji inapanda kupita bar 3 na konekta zinaanza kuchomoka. Mipira yenyewe imeandikwa isizidi bar 1.2.

Ndiyo maana nikaagiza valvu ya baipasi kutoka Dar, ya shaba, inchi moja, bei karibu theluthi ya pampu. Inafungwa kwenye tii (kiungo cha njia tatu) baada ya pampu, na upande wake wa pili unarudisha maji kwenye tanki. Ndani mna springi. Tofauti ya presha kati ya pande hizo mbili ikizidi nguvu ya springi, valvu inafunguka na kupitisha ziada. Ukifungua vitalu, inajifunga. Haihitaji umeme.

Muuzaji aliniambia ni kitu kilekile na sefti valvu. Wapi! Sefti inangoja balaa, yaani presha ya hatari, ndipo ifunguke; hii inafanya kazi kila unapofunga koki.

Kuiseti ndiko kwenye kazi, na namba za kwenye kifundo cha kukazia springi usiziamini sana, tumia geji. Fungua vitalu vyote, kaza kifundo mpaka bomba la kurudishia likauke, kisha funga kimoja kimoja huku ukitazama mshale. Yangu inaanza kupitisha kwenye bar 0.8, lakini kikibaki kitalu kimoja geji inasimama 1.1. Si mbovu: maji mengi yakitaka kupita, springi lazima ibanwe zaidi, na presha inapanda kidogo. Kwa hiyo seti chini ya kiwango unachokiogopa. Tangu hapo konekta zimetulia.

Lawama yangu ni mchanga. Masika maji ya mto Luiche yanakuja mekundu, na chembe ikikaa kwenye kiti cha valvu, pale inapojifungia, haifungi sawasawa. Utaona mistari ya mwisho imekauka huku bomba la tanki linatiririka. Weka chujio kabla yake. Lawama nyingine: maji yanayorudi tankini yameshasukumwa tayari, umeme wa LUKU umeshaliwa bure.

Fundi mmoja alipendekeza tuyarudishe moja kwa moja kwenye bomba la kunyonyea ili kuokoa bomba. Nilikataa, kwa sababu maji yaleyale yakizunguka muda mrefu yanapata joto, na pampu nayo.

Kwa shamba la vitalu vichache naipa nne kati ya tano. Mwenye uwezo wa pampu ya inveta asihangaike nayo, ile inapunguza mwendo yenyewe.